Hadithi za mashujaa wa katuni zisizochuja, na jasho la waliozitunga

MACHI 1938, vijana wawili wa mji wa Cleveland nchini Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wakiwa na umri wa miaka 23, walipokea hundi ya dola 412 kutoka kwa kampuni ya uchapishaji ya New York. Katika fedha hizo, dola 130 zilikuwa malipo ya hadithi ya kurasa 13 kuhusu mtu mwenye nguvu zipitazo za binadamu, pamoja na haki zote za mhusika huyo. Jina lake lilikuwa Superman.

Hadithi hiyo ilitoka katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, na kuuzwa kwa senti 10. Mwaka 2012 ile hundi yenyewe, karatasi iliyokwisha kutumika, ilinunuliwa mnadani kwa dola 160,000. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa kwa dola milioni 6.

Tofauti ya takwimu hizo inaeleza mengi kuhusu fasihi hii. Mashujaa wa katuni ni mali ya kampuni. Watunzi na wachoraji huja na kupita. Hata hivyo, wasomaji wanapoulizwa ni hadithi zipi wanazozienzi kuliko zote, mara chache humtaja mhusika peke yake. Hutaja zamu ya watu fulani: Fantastic Four ya Lee na Kirby, X-Men ya Claremont, Daredevil ya Miller. Mhusika ni wa kampuni, lakini sifa inayobaki vinywani mwa watu ni ya waliofanya kazi.

Zamu ni nini?

Kitabu cha katuni cha Marekani kwa kawaida ni kijitabu chembamba kinachotoka kila mwezi, chenye kurasa 20 hivi za hadithi. Hakitengenezwi na mtu mmoja. Mtunzi huandika kisa, mchoraji hukichora kwa penseli, mwingine hupitisha wino juu ya penseli hiyo, mwingine hutia rangi, na mwingine huandika maneno ndani ya viputo. Juu yao yupo mhariri, ambaye kazi yake ni kulinda mali ya kampuni.

Mtunzi akiondoka, mwingine hushika kalamu pale pale alipoachia mwenzake, kama mabaharia wanaopokezana usukani wa jahazi lisilotia nanga. Superman hazeeki. Waliomwanzisha wamekwisha kufariki, na wanaomwandika leo hawakuwa wamezaliwa wakati ule.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Hadithi isiyo na mwisho haiwezi kumbadili shujaa wake kwa dhati, kwa sababu mwezi ujao lazima arudi akiwa yule yule. Zamu zinazokumbukwa ni zile ambazo watunzi walipata njia ya kutenda jambo lenye uzito ndani ya mipaka hiyo, hata kama ni kumwacha shujaa apoteze kitu ambacho nguvu zake haziwezi kukirudisha.

Matoleo 102 ya Lee na Kirby

Zamu inayotajwa kuwa chimbuko la mashujaa wa kisasa ni ile ya Stan Lee na Jack Kirby. Walianza Fantastic Four mwaka 1961 na kudumu nayo kwa matoleo 102 mfululizo, hadi mwaka 1970. Mashujaa wao wanne hawakuficha majina. Walikuwa jamaa moja inayogombana, inayooneana wivu na ambayo wakati mmoja iliishiwa fedha kabisa. Ben Grimm, aliyegeuka pande la mawe, hakuzihesabu nguvu zake kuwa baraka; alizihesabu kuwa kilema.

Lee alikuwa akiandika vitabu vingi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo alimweleza mchoraji kisa kwa muhtasari tu. Mchoraji alikwenda kukipanga ukurasa kwa ukurasa, kisha Lee akajaza maneno. Utaratibu huo uliharakisha kazi, lakini ulizaa ubishi ambao haujaisha hadi leo: nani hasa alitunga nini?

Mfano bora ni hadithi ya matoleo ya 48 hadi 50, iliyotoka mwaka 1966. Kiumbe aitwaye Galactus, anayeishi kwa kula sayari, anaifikia dunia akitanguliwa na tarishi wake anayeruka angani juu ya ubao, Silver Surfer. Lee mwenyewe alikiri kwamba tarishi huyo hakuwamo katika kisa walichokubaliana. Alimkuta tu katika kurasa alizoletewa na Kirby. Katika hadithi hiyo anayeokoa dunia si mwenye misuli. Ni mchongaji kipofu, Alicia Masters, anayemsihi tarishi huyo hadi moyo wake unageuka na kumwasi bwana wake.

Uzito juu ya mabega ya Parker

Agosti 1962, Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta Spider-Man. Peter Parker ni mwanafunzi yatima aliyepata nguvu na kudhani ni za kujitafutia fedha. Anamwacha mwizi apite kwa kuwa hayamhusu, na mwizi huyo huyo anakuja kumwua ami yake aliyemlea. Kila hadithi ya Spider-Man iliyoandikwa baadaye inalipa deni la usiku huo.

Kilele cha zamu ya Ditko ni matoleo ya 31 hadi 33 ya The Amazing Spider-Man, ya mwaka 1965 na 1966. Parker amebanwa chini ya mtambo mzito, maji yanaingia, na dawa ya kumwokoa Bi May, mjane wa ami yake, iko mbele yake asikoweza kufika. Ditko hana haraka. Fremu kwa fremu anaonyesha mwili unaokata tamaa, kisha unaojaribu tena. Na kadiri Parker anavyounyanyua mtambo, ndivyo picha zinavyotanuka hadi kuujaza ukurasa. Hakuna adui katika kurasa hizo. Kuna kijana, chuma na wajibu. Ditko aliondoka baada ya toleo la 38, mwaka 1966.

Mwaka 1973 jahazi lilikuwa mikononi mwa wengine. Gerry Conway, mtunzi mwenye umri wa miaka 20, na mchoraji Gil Kane walitoa toleo la 121, ambalo ndani yake Gwen Stacy, mchumba wa Parker, anatupwa kutoka juu ya daraja na Green Goblin. Spider-Man anamdaka kwa utando kabla hajagusa maji. Anamvuta juu akijisifu kwa ustadi wake, na ndipo anapogundua kwamba amekufa.

Kando ya shingo ya binti huyo, katika fremu ya kudakwa, kuna neno dogo la mlio wa kitu kinachovunjika. Baadaye, katika ukurasa wa barua za wasomaji, wahariri walieleza kwamba kilichomwua ni kule kusimamishwa kwa ghafla. Maana yake ni kwamba mkono uliokwenda kuokoa ndio uliohitimisha msiba. Hadi wakati huo msomaji aliamini kwamba shujaa hufika kwa wakati. Baada ya toleo hilo, imani hiyo haikurudi kama ilivyokuwa.

Claremont, Storm na bei ya nguvu

X-Men ni habari ya watu waliozaliwa na vinasaba vilivyobadilika, ambao dunia inawachukia kwa jinsi walivyozaliwa. Kitabu chao kilikuwa kimedorora kiasi kwamba tangu 1970 hadi 1975 kilirudia tu hadithi za zamani. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliunda kikosi kipya chenye watu wa mataifa mbalimbali: Mkanada, Mjerumani, Mrusi, na mwanamke aliyekutwa Kenya akiitawala mvua, Ororo Munroe, anayejulikana kama Storm. Chris Claremont alipokezwa kalamu mwaka huo huo na hakuiachia hadi 1991.

Miaka 16 ya mtunzi mmoja ni jambo adimu. Claremont aliitumia kuwakuza wahusika polepole, akipanda mbegu katika toleo moja na kuvuna miaka mitatu baadaye. Akiwa na mchoraji John Byrne, alitoa hadithi inayotajwa na wengi kuwa bora kuliko zote za kikosi hicho, ile ya Dark Phoenix ya mwaka 1980. Jean Grey anapata nguvu kubwa mno, zinamlevya, na katika njaa yake anaila nyota moja na kuangamiza sayari yenye watu bilioni tano.

Watunzi walikuwa wamepanga anyang'anywe nguvu zake na aachwe hai. Mhariri mkuu wa Marvel wa wakati huo, Jim Shooter, alikataa: haiwezekani mtu afanye mauaji ya halaiki, alisisitiza, kisha arudi nyumbani kana kwamba hakuna lililotokea. Kurasa za mwisho zikachorwa upya. Katika toleo la 137, Jean anajiua mwenyewe mwezini, mbele ya mpenzi wake, ili asije akaua tena. Mwisho wa awali ulichapishwa mwaka 1984, na wasomaji wakapata fursa ya kulinganisha. Wengi walikubali kwamba ule uliolazimishwa ndio ulioipa hadithi uzito.

Lakini biashara ina sheria zake. Mwaka 1986 kampuni ilimfufua Jean Grey, kwa maelezo kwamba aliyekufa hakuwa yeye.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Storm ana mambo mawili ya kutazamwa. Kwa mujibu wa hadithi ya mwaka 1976, mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya na baba yake ni mpigapicha Mmarekani mweusi. Wazazi hao walikufa mjini Cairo, na mtoto akaishia katika mbuga za Serengeti. Mwanzoni alichorwa akiabudiwa na wanakijiji kama mungu, picha ya Afrika iliyokuwa ya mazoea katika vitabu vya Marekani, na iliyojali mandhari kuliko watu. Hilo ni doa.

Hata hivyo, mkononi mwa Claremont alitoka katika sanamu hiyo akawa mtu. Mwaka 1984 alinyang'anywa nguvu zake zote. Mwaka 1986, akiwa mtu wa kawaida, alishindana na Cyclops kuwania uongozi wa kikosi na akamshinda. Mwanamke mweusi, asiye na ngurumo wala radi, akawa kiongozi kwa akili yake.

Mwaka 1986 na mkataba wa Watchmen

Frank Miller alianza kuchora Daredevil mwaka 1979 na kuiandika tangu 1981, akakigeuza kitabu kilichokuwa hatarini kufungwa kuwa kisa cha uhalifu cha mitaani. Mwaka 1986 alirudi pamoja na mchoraji David Mazzucchelli katika matoleo ya 227 hadi 233. Karen Page, mpenzi wa zamani wa Daredevil aliyezama katika dawa za kulevya, anaiuza siri ya jina la shujaa huyo ili apate dozi moja. Mfalme wa wahalifu anaipata siri hiyo, naye hamshambulii kwa ngumi: anamvunjia kazi, anamwondolea fedha na nyumba, anamwacha na wazimu. Sehemu kubwa ya hadithi ni safari ya mtu aliyepoteza kila kitu kurudi kusimama, na inamalizika kwa kumsamehe aliyemuuza.

Mwaka huo huo Miller alitoa The Dark Knight Returns, juu ya Batman aliyezeeka na kurudi kazini katika jiji lililooza. Nao Waingereza wawili, mtunzi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, walianza Watchmen, matoleo 12 yaliyokamilika mwaka 1987. Moore aliuliza swali rahisi: kama watu wanaovaa vinyago na kujichukulia sheria mkononi wangekuwapo kweli, wangekuwa watu wa namna gani? Jibu lake lilikuwa wapweke, wagonjwa wa nafsi na, kwa mmoja wao, tayari kuua mamilioni kwa jina la amani. Gibbons aliligawa kila gazeti katika kurasa za fremu tisa tisa, mpangilio mkavu kama wa saa, ili msomaji asipate pa kukimbilia. Mwaka 2005 jarida la Time liliiweka Watchmen miongoni mwa riwaya 100 bora za Kiingereza tangu mwaka 1923.

Habari ya mkataba wa kitabu hicho inafundisha kama kitabu chenyewe. Haki zingewarudia Moore na Gibbons pindi kitabu kitakapoacha kuchapishwa. Kwa desturi ya wakati huo, hilo lilimaanisha kusubiri muda mfupi tu, kwa kuwa vitabu vya katuni vilitoka, vikauzwa na kusahaulika. Watchmen haikusahaulika. DC ilikusanya matoleo yote katika juzuu moja na haijaacha kuichapisha. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyoifunga njia ya haki kurudi. Moore aliachana na kampuni hiyo, na filamu ilipotoka mwaka 2009 hakutaka jina lake litajwe.

Chui mweusi na waliomjenga

Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alibuniwa na Lee na Kirby mwaka 1966. Lakini aliyempa nchi yenye watu ni Don McGregor. Alipewa gazeti lililoitwa Jungle Action, ambalo lilikuwa likirudia hadithi za Wazungu wanaotamba katika misitu ya Afrika, akaligeuza. Tangu 1973 hadi 1975 alitunga hadithi moja ndefu ndani ya Wakanda, karibu wahusika wote wakiwa weusi, sehemu kubwa ikichorwa na Billy Graham, mchoraji Mmarekani mweusi. Huko ndiko alikozaliwa adui Killmonger, aliyechorwa kwa mara ya kwanza na Rich Buckler.

Christopher Priest alishika zamu mwaka 1998. Alimtazama T'Challa kama mkuu wa nchi kwanza na shujaa baadaye: mtu asiyesema yote, anayewaza hatua tano mbele, na anayeonwa kwa macho ya ofisa mmoja wa Marekani, Everett Ross, asiyeelewa nusu ya yanayotendeka. Priest pia alileta walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje. Mwaka 2016 mwandishi Ta-Nehisi Coates, akiwa na mchoraji Brian Stelfreeze, alikwenda mbali zaidi na kuuliza kwa nini taifa lililoelimika litawaliwe na mfalme hata kidogo.

Filamu ya mwaka 2018, ambayo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza kama Nakia, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Killmonger wa filamu hiyo alitoka kwa McGregor na Buckler. Ross na Dora Milaje walitoka katika zamu ya Priest. Watazamaji wengi waliotoka ukumbini hawakuwahi kuyasikia majina hayo.

Deni linalolipwa kwa kuchelewa

Mwaka 1975, wakati filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, Siegel alijitokeza hadharani kueleza hali yao. Shuster alikuwa karibu kupofuka. Baada ya wachoraji wenzao kuwapigania, kampuni mama ya Warner ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao katika hadithi za Superman. Ilikuwa imepita miaka 37.

Wengine hawakuishi kuona. Bill Finger, aliyeshiriki kumbuni Batman mwaka 1939, alifariki mwaka 1974; DC ilikubali kulitaja jina lake rasmi mwaka 2015. Kirby alifariki mwaka 1994; warithi wake walifikia mapatano na Marvel mwaka 2014, baada ya kesi ya miaka kadhaa.

Pamoja na hayo yote, hadithi nzuri bado zinatungwa. Kati ya mwaka 2005 na 2008, Grant Morrison na Frank Quitely walitoa All-Star Superman, matoleo 12 kuhusu Superman anayejua kwamba anakufa. Badala ya kulia, anapanga kazi zake za mwisho. Katika ukurasa mmoja unaotajwa sana, anamkuta binti amesimama ukingoni mwa ghorofa, tayari kujitupa. Hamnyakui. Anamwambia kwamba ana nguvu kuliko anavyojidhania, kisha anamkumbatia.

Msomaji mpya anayetaka pa kuanzia anaweza kuanza na juzuu hiyo, kwa kuwa haidai kujua chochote kabla yake. Baada yake afuate Daredevil ya Miller na Mazzucchelli, kisha X-Men ya Claremont na Byrne, na Watchmen aiache hadi awe amekwisha kuwazoea mashujaa ambao kitabu hicho kinawahoji. Katika kila juzuu, majina ya mtunzi, mchoraji, mtia wino na mtia rangi huandikwa katika kurasa za mwanzo. Wengi huyaruka. Kwa Siegel na Shuster, kurudishiwa mstari huo mmoja kulichukua karibu miongo mitatu.